Besdei ya pamoja na mtoto wa wifi: nifanye nini mwanangu asiwe msindikizaji?

Mama Neema, Tabata

Habari zenu wazazi wenzangu. Naomba ushauri, na naomba mnivumilie maana nitaeleza kwa urefu kidogo.

Binti yangu Neema anatimiza miaka 3 tarehe 6 Agosti. Mtoto wa wifi yangu, tunamwita Junia, anatimiza miaka 4 tarehe 11. Mwaka jana familia iliamua wafanyiwe besdei moja siku ya Nane Nane, kwa kuwa ni sikukuu na watu hawaendi kazini. Mama mkwe anapanda basi kutoka Morogoro mara moja tu, anawaona wajukuu wote wawili, anarudi. Hilo halinisumbui hata kidogo. Hawa watoto wanapendana. Junia akija kwetu hagusi chakula mpaka Neema akae pembeni yake.

Kinachonisumbua ni yaliyotokea mwaka jana. Tulifanyia Kinyerezi kwa wifi, maana wao wana uwanja na sisi tumepanga vyumba viwili. Kadi ilitumwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo ikiwa na picha ya Junia peke yake. Nikanyamaza. Kufika pale naona keki ya kilo tatu, imechorwa gari, jina la Junia limeandikwa kubwa katikati, halafu chini pembeni kwa krimu ya rangi nyingine: "na Neema". Ukiitazama tu unajua jina la pili lilikumbukwa keki ikiwa imeshakwisha kupambwa.

Kadi ilisema saa tisa alasiri. Keki ilikatwa saa mbili usiku. Neema alikuwa ameshalala begani kwangu, nikaambiwa nimwamshe aje apulize mshumaa. Akaamka analia, spika inanguruma, mshereheshaji anaita watu mmoja mmoja waje walishwe keki, na kabla sijamfuta machozi vijana wakaja kwa nyuma na ndoo za maji wakawamwagia wote wawili. Junia alicheka, yeye ni mtoto wa vurugu. Neema alinikwea shingoni akitetemeka, na mpaka leo akiona mtu mzima anakuja na ndoo anakimbilia gauni langu. Alikuwa na miaka miwili, jamani.

Zawadi ziliwekwa meza moja. Nyingi hazikuandikwa jina, basi zikabaki palepale. Sisi tulirudi na bajaji usiku na doli moja, lile aliloleta jirani yangu tuliyekwenda naye.

Wifi sikumwambia neno. Naomba msimwelewe vibaya. Nilipojifungua Neema alikuja akakaa nami wiki mbili, akanikanda kwa maji ya moto, akanipikia mtori na uji wa pilipili manga, usiku akiamka yeye ili mimi nilale. Mtu wa namna hiyo unaanzaje kumwambia habari za jina kwenye keki?

Sasa mwaka huu amepiga simu, anataka turubai, muziki, jumba la upepo la watoto kurukia, na wageni 80. Anasema gharama tugawane nusu kwa nusu. Nusu yenyewe inakaribia laki sita. Mimi nauza vitenge kwa kutembeza, baba Neema ni fundi umeme, tumetenga laki moja na nusu na hata hiyo tumeikusanya tangu Mei. Baba Neema anasema, "Mwache dada apange, ni siku moja tu." Ni siku moja kweli, lakini ndiyo siku ya mwanangu.

Kwa waliowahi kufanya sherehe ya watoto wawili: keki mlifanya moja au mbili? Pesa mlichangia vipi kama uwezo haulingani? Zawadi je? Na hili la kumwagia maji unalizuia vipi bila kuonekana unajidai?

Mama Kurwa, Tanga

Pole mwenzangu. Mimi nina mapacha, Kurwa wa kike na Doto wa kiume, wana miaka 9 sasa. Besdei ya pamoja ndiyo pekee ninayoijua, na makosa nimeshayafanya karibu yote.

Keki mbili. Hapo usibishane na mtu. Zisiwe kubwa, hata nusu kilo kwa kila mtoto inatosha kwa kukata na kupiga picha, halafu wageni wapewe keki ya sinia iliyokatwakatwa jikoni, ambayo haina jina la mtu. Wanangu walipotimiza mitatu niliweka keki moja na mishumaa sita, mitatu huku, mitatu huku. Doto akavuta pumzi akazima yote sita kwa mpigo. Kurwa alikaa kimya anaitazama ile mishumaa, wala hakulia, na ule ukimya wake uliniuma kuliko kilio. Nikawasha tena, lakini watu walikuwa wameshaanza kupiga makofi na kusogea kwenye pilau.

Tangu hapo tunaimba mara mbili. Tunaanza na mmoja, anaimbiwa kwa jina lake, anapuliza, anapigiwa makofi na kigelegele, anakata. Tunapumzika kidogo, tunahamia kwa mwingine. Yule asiye na zamu anakaa mapajani mwa mtu mzima aliyeambiwa kabisa kazi yake ni hiyo. Mwaka huu akitangulia huyu, mwakani anatangulia yule. Watoto wanakumbuka zamu, usidhani hawakumbuki.

Zawadi: makapu mawili ya ukili, moja funga kitambaa chekundu, moja cha bluu, na kila kapu libandike picha ya mtoto. Mpe binti mmoja mkubwa wa ukoo kalamu na vikaratasi akae mlangoni. Mgeni akiingia anaulizwa kwa heshima, "Hii ni ya nani, shangazi?" Anaandika, anaweka kapuni. Wengi watakuwa wameleta ya mtoto mmoja kwa sababu ndiye wanayemjua, hilo usilichukie. Ndiyo maana hatufungui zawadi mbele ya watu. Kila mtu anafungua kwake.

Lakini kabla ya makapu na keki, mwambie wifi yako. Mwambie wewe mwenyewe, usimtume kaka yake. Aliyekukanda baada ya uzazi hawezi kushindwa kukusikia.

Baba Wawili

Mimi nasema kila mtu afanye kwake. Sherehe za pamoja nimeona zinagombanisha ndugu. Tarehe 6 mpikie mwanao wali kuku, mnunulie keki ndogo, waite watoto watano wa jirani, imekwisha. Ya Nane Nane nenda kama mgeni na zawadi ya Junia.

Mama Neema, Tabata

Asante kaka. Nimeliwaza hilo. Ila mama mkwe miguu inamsumbua, safari ya Dar anaifanya mara moja kwa mwaka, na anachotaka ni kuwaona wakiwa pamoja. Nikijitenga yeye ndiye atakayeumia, na Neema atauliza kwa nini Junia ana wageni yeye hana.

Mama Kurwa, hiyo ya mishumaa imenigusa. Nitazungumza na wifi, naomba mniombee maneno.

Mwalimu wa Awali

Dada, mimi nafundisha darasa la awali mwaka wa 14 huu, na sherehe za watoto wa umri huo nimesimamia nyingi shuleni na mitaani. Kubwa ninaloliona kwenye maelezo yako ni saa. Sherehe mliyoieleza ilikuwa ya watu wazima, watoto walialikwa tu.

Mtoto wa miaka mitatu anaamka saa kumi na mbili, kufika saa saba mchana amechoka. Wekeni saa nne asubuhi hadi saa saba kasorobo. Saa nne wanafika na kucheza, saa tano na nusu keki, halafu chakula, halafu kila mtoto anapewa kifuko chake anaondoka. Hakuna kusubiri mtu. Wakubwa wakitaka muziki wao na waendelee jioni, watoto wakiwa wamelala. Hapo hata wifi yako hajapokonywa sherehe yake.

Wageni 80 siyo rahisi. Mimi hata watoto 15 wa umri huo nawahesabu kila baada ya dakika kumi. Kinyerezi uwanjani kuna simtanki, ndoo, pengine karo au kisima? Funikeni vyote, ndoo zote zimwagwe maji au ziwekwe juu. Mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye ndoo yenye maji kidogo tu, na anazama bila kupiga kelele. Teueni watu wazima wawili ambao siku hiyo hawapiki wala hawagawi chakula, kazi yao ni macho tu, na wapokezane.

Lile jumba la upepo, Agosti hapa Dar upepo wa kusi unavuma, hakikisheni limefungwa chini kila pembe. Wakubwa na wadogo wasirukie pamoja. Wa miaka 9 akiangukia wa miaka 3 ni mkono kuvunjika. Pigeni zamu: wadogo dakika kumi, wakubwa dakika kumi, na mtu asimame mlangoni muda wote. Pesa ikiwa ndogo achaneni nalo. Watoto wa awali wanafurahia mchezo wa nyama nyama kuliko mnavyodhani. Unawasimamisha, unaita "ng'ombe!", wanaruka wakijibu "nyama!"; unaita "mbuzi!", wanaruka, ukiita "paka!" anayeruka wote wanamcheka. Kwa umri huu usimtoe aliyekosea, endelea naye tu. Kwenye mchezo wa viti vilevile, usipunguze viti. Nimeona watoto wengi wakilia kwenye besdei kwa sababu ya kutolewa mchezoni.

Chakula sasa, na hapa naomba mnisikilize. Karanga, bisi na peremende ngumu msiweke kwenye vifuko vya walio chini ya miaka minne, hivyo ndivyo vitu vinavyowapalia. Soseji na zabibu zikatwe kwa urefu, siyo mviringo. Maputo yakipasuka okoteni vipande papo hapo, kwa sababu mtoto akiweka kipande mdomoni kinaziba koo na hakitoki kirahisi. Na vile vijiti vya meno wanavyotumia kulishia keki, kwa watoto tumieni uma wa plastiki au mkono uliooshwa. Tikitimaji, maembe kama yapo, ndizi, viazi vya kukaanga visivyo na pilipili, kuku waliochemshwa kwanza ndipo wakakaangwa, pilau yenye viungo vichache. Ndizi nunueni Mabibo, pale Mahakama ya Ndizi, mkungu mmoja unatosha na unabaki.

Kuhusu maji: mtoto aliyeogopeshwa hivyo asimwagiwe tena, hata kwa utani. Hapo usiombe ruhusa, wewe ni mama yake.

Da Suzi wa Keki

Naongezea kidogo upande wangu maana naoka nyumbani mwaka wa sita. Mteja akiniambia keki ya watoto wawili, swali langu la kwanza ni: majina yote mawili unayo hapo? Andika kwenye karatasi kwa herufi kubwa, piga picha, mtumie mwokaji, aandike kama ulivyoandika. Lile "na Neema" la pembeni nimelielewa haraka sana. Hutokea mteja mmoja anapoagiza na mwenzake yuko kimya. Mwaka huu agizeni wote wawili mkiwa mmekaa pamoja.

Nusu kilo mbili kwangu hazifiki elfu 40. Keki ya sinia ya vanila isiyo na krimu, kwa watoto 25, ni kilo mbili zinatosha kabisa. Watoto hawamalizi krimu, wanailamba wanaacha keki. Krimu ya siagi haipendi jua, basi zikae ndani mpaka dakika ya kuimba; ukiziweka nje chini ya turubai tangu asubuhi majina yataanza kuteremka. Muulize mtoto anataka nini juu yake. Wa miaka mitatu anajua. Kuna mmoja aliniambia anataka kuku, nikamchorea kuku, mama yake alitaka malaika.

Pesa: msigawane nusu kwa nusu, gawaneni vitu. Kila mama alipe keki ya mwanawe. Anayetaka turubai na muziki abebe turubai na muziki. Wewe beba matunda, juisi na vifuko vya watoto. Hapo unasimama na mchango wako unaoonekana, na hudaiwi na mtu.

Mama Neema, Tabata

Wapendwa, nimerudi. Sherehe imepita, leo ni siku ya tisa, na niliahidi moyoni kwamba lazima nije niwaeleze.

Nilikwenda Kinyerezi Jumapili moja mwezi Julai. Tulikuwa tunamenya vitunguu saumu jikoni kwake. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, nikajikuta nimesema moja tu: "Wifi, mwaka jana Neema alilia njia nzima mpaka nyumbani." Akaacha kumenya. Hakujua. Kumbe keki aliiagiza siku mbili kabla ya sherehe, Junia akiwa na homa, na jina la Neema alilikumbuka usiku akampigia mwokaji. Kadi alitengeneza kijana wa ofisini kwa shemeji, alitumiwa picha moja. Wifi alilia, na mimi nikalia, vitunguu vikasaidia. Halafu akasema jambo ambalo sikulitegemea: kwamba yeye alikuwa akijitanua kwa sababu alidhani kaka yake na mimi tunaona aibu kwa hali yetu, akitaka Neema apate sherehe kubwa kupitia mlango wake. Mwaka mzima kila mmoja wetu alikuwa akimwonea mwenzake huruma kwa njia yake.

Tukapunguza. Watoto 22, saa nne asubuhi. Jumba la upepo tuliliacha, wifi mwenyewe ndiye aliyesema. Turubai na chakula cha moto vikawa vyake. Mimi nilikwenda Kariakoo, Mtaa wa Congo, nikanunua vifuko, kofia za karatasi na vikombe; nikapita Mabibo kuchukua ndizi na matikiti. Nilitumia elfu 138 pamoja na keki ya Neema. Jirani zetu Waislamu walikuja na watoto wao wanne kwa amani, maana kuku walichinjwa na baba yao mwenyewe alfajiri.

Tulipomuuliza Neema anataka nini kwenye keki alisema mwezi. Akachorewa mwezi wa njano. Junia alitaka lori la taka, lile linalopita kwao Jumatano. Tulianza na Neema kwa kuwa ndiye mdogo na tarehe yake inatangulia. Mwakani ni Junia, na bibi yao ndiye shahidi. Junia alikaa mapajani mwa baba Neema. Mama Kurwa, alivuta pumzi kabisa tayari kuzima! Mjomba wake akamziba mdomo kwa kiganja, taratibu, wakacheka wote wawili. Neema alipuliza mara tano mshumaa haujazimika, na watu 50 wakasubiri, hakuna aliyemsaidia. Mara ya sita ukazimika. Sijawahi kumwona mwanangu akitazama watu vile, mmoja mmoja, kama anahakikisha wote wameona.

Maji walimwagiwa akina baba. Lilikuwa wazo la mama mkwe, alisema waliozaa ndio wenye haki ya kuloweshwa. Neema nilimkalisha mbali, barazani kwa bibi. Baada ya muda akashuka mwenyewe, akachota maji kwa kikombe, akaenda kumwagia baba yake mguuni. Kikombe kimoja, akarudi mbio. Mimi hapo nilikwenda chooni nikajifungia kidogo.

Saa saba na robo watoto wote walikuwa wameondoka, na hao wawili wamelala kitanda kimoja bado wamevaa kofia za karatasi.

Zawadi tulitumia makapu, na binti wa shemeji alikaa mlangoni na kalamu. Hata hivyo moja ilipita bila jina, gari jekundu la mbao la kuvuta kwa kamba, na kila mgeni tuliyempigia simu anasema si yeye. Bibi amelichukua, ameondoka nalo Morogoro kwenye mfuko wa sandarusi. Anasema litakaa barazani kwake mpaka Desemba, wote wawili watakapokwenda likizo.